Mashine za Ujanani: Kompyuta Kongwe za Nyumbani na Nyanda za Buha

Kompyuta za nyumbani ni mashine ndogo zilizouzwa kwa familia za Marekani, Ulaya na Japani tangu mwaka 1977 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla kompyuta za ofisini hazijashuka bei na kuingia sebuleni. Nyingi zilionekana kama kibodi nene tu. Bodi ya umeme ilikaa ndani, chini ya vitufe. Hazikuja na skrini wala diski. Mwenye mashine aliiunganisha na televisheni ya familia kwa waya wa antena, akachomeka kinasa sauti cha kaseti pembeni, kisha akaandika amri zake kwa lugha iitwayo BASIC. Umeme ukikatika, kila alichokiandika kilipotea.

Historia yake huanzia kwenye jalada la jarida la Popular Electronics la Januari 1975. Jalada hilo lilionyesha Altair 8800, kompyuta ambayo mnunuzi alitumiwa vipande kwa posta akavilehemu mwenyewe. Miaka miwili baadaye Marekani ikapata mashine tatu zilizouzwa zikiwa tayari: Apple II, Commodore PET na TRS-80 ya maduka ya Radio Shack. Nchini Uingereza, Clive Sinclair alishusha bei mpaka mzazi wa kawaida akaimudu. ZX81 ya mwaka 1981 iliuzwa pauni 69.95, au pauni 49.95 kwa aliyekuwa tayari kuiunga mwenyewe. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 1, nafasi isiyotosha hata maneno ya ukurasa mmoja wa jarida. Aprili 1982 ikafuata ZX Spectrum, yenye vitufe vya mpira na picha za rangi, kwa pauni 125 ile ya kilobaiti 16 na pauni 175 ile ya kilobaiti 48. Mwaka huohuo Commodore ikatoa Commodore 64 kwa dola 595, nayo ikauzwa kwa mamilioni. Shirika la utangazaji la BBC, lililotaka kuwafundisha watazamaji wake kompyuta, liliichagua kampuni ya Acorn ya Cambridge kutengeneza mashine ya mafunzo hayo. BBC Micro ikatoka Desemba 1981 na kuenea katika shule za nchi nzima.

Mashine hizo zimekuwa vitu vya kukusanywa. Watoto waliozipata wakiwa na miaka kumi hadi kumi na mitano sasa wana hamsini na ushei. Wana kipato, na watoto wao wamekua. Wanasaikolojia wamebaini kwamba mtu mzima akiombwa asimulie maisha yake, hurudi zaidi kwenye mambo yaliyomtokea kati ya umri wa miaka kumi na thelathini hivi kuliko ya miaka mingine. Mkusanyaji wa kompyuta kongwe huthibitisha jambo hilo kwa pesa yake. Hanunui mashine bora ya zama zile. Hununua ileile aliyokuwa nayo, au, mara nyingi kwa shauku kubwa zaidi, ile aliyokuwa nayo mtoto wa jirani ambayo yeye alinyimwa. Huiweka mezani, huiunganisha na televisheni ya chogo aliyoihifadhi kwa kazi hiyo, huingiza kaseti, na kusubiri.

Wapo wanaokusanya kwa ajili ya thamani ya soko. Apple-1 ya mwaka 1976, iliyotengenezwa nakala zipatazo 200 tu, ni mfano wao mkuu: mwaka 2014 moja ilinunuliwa mnadani New York na jumba la makumbusho la Henry Ford kwa dola 905,000. Hiyo ni biashara ya vitu adimu, ina kanuni zake na matajiri wake. Spectrum na Commodore 64 si adimu hata kidogo, na ndiyo sababu zinaeleza vizuri zaidi mapenzi ya wakusanyaji: kitu kilichokuwamo katika nyumba milioni kadhaa hutafutwa na watu wa nyumba hizohizo.

Kinachowakumbusha wengi ni sauti. Programu zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida za muziki, na kompyuta ilizisoma kwa kusikiliza. Kila tarakimu, sifuri au moja, iligeuzwa kuwa mpigo wa sauti, mfupi au mrefu. Mipigo ikifuatana kwa kasi ilisikika kama mlio mkali wa kukwaruza. Spectrum ilipokea mipigo kama 1,500 kwa sekunde, hivyo mchezo uliojaza kilobaiti 48 ulichukua dakika zipatazo tano kuingia. Kichwa cha kusomea kikiwa na vumbi, kanda ikiwa imelegea au sauti ikiwa ndogo, kazi ilianza upya. Kwa kuwa programu ilikuwa sauti, iliweza pia kurushwa hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kipindi cha Hobbyscoop cha redio ya Uholanzi kilitangaza programu kwa njia hiyo, katika lugha iliyosanifiwa ili aina nyingi za kompyuta ziielewe, na wasikilizaji wakazirekodi majumbani kwa redio kaseti.

Kwa maana hiyo, nyumba yoyote ya Kasulu, mji wa nyanda za Buha mkoani Kigoma, Tanzania, iliyokuwa na redio kaseti mwaka 1983 ilikuwa na nusu ya kompyuta ya nyumbani. Nusu ya pili haikufika, na sababu zake ni za sheria, fedha na umeme.

Tanzania haikuchelewa kuijua kompyuta. Ya kwanza, ICT 1500 ya Kiingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na hadi mwaka 1974 nchi ilikuwa na saba. Lakini mpango wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine kubwa ya kampuni ya ICL uliharibika, ukaleta hasara, na kazi ikarudi kwa makarani na madaftari yao. Fedha za kigeni nazo zilikuwa zimeanza kuadimika; bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwishoni mwa mwaka 1973. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta pamoja na televisheni. Taasisi iliyohitaji kompyuta ilipaswa kuomba kibali maalumu na kueleza kazi yake. Katika utaratibu huo mtoto anayetaka kucheza na kujifunza BASIC sebuleni hakuwa na fomu ya kujaza.

Katazo la televisheni lilikuwa na uzito uleule. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mjini, isiyostahili fedha za kigeni wakati vijiji havina maji. Zanzibar, yenye mamlaka yake katika jambo hilo, ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Kompyuta ya nyumbani iliyotegemea televisheni haikuwa na pa kuchomekwa. Marufuku ya kompyuta ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980 na kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kufikia wakati huo Spectrum ilikuwa imekwisha kufa huko kwao, na Commodore ilifilisika mwaka huohuo wa 1994. Enzi nzima ya kompyuta za nyumbani, kutoka kuzaliwa hadi kuzikwa, ilitoshea ndani ya katazo la Tanzania.

Sheria ingekuwa nyepesi kiasi gani, nyanda za Buha bado zingekuwa na vikwazo vyake. Kasulu na Kibondo ziko kwenye vilima vya kaskazini mwa Kigoma, mpakani na Burundi, sehemu kubwa ikiwa zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 ikipita kusini mwa vilima hivyo. Utawala wa Waingereza uliifanya Buha kuwa hazina ya vibarua: shirika la wenye mashamba ya mkonge lililojulikana kama SILABU, lililoundwa mwaka 1944, liliandikisha manamba huku na kuwapeleka Tanga na Morogoro. Umeme wa gridi ya taifa umefika katika miaka ya 2020 tu. Kabla ya hapo miji ya Kasulu na Kibondo iliwashiwa taa na jenereta za dizeli, na vijiji vingi viliishi kwa vibatari, na baadaye kwa paneli ndogo za sola.

Mashine iliyoweza kuishi katika mazingira hayo ilikuwa redio ya transista. Transista ilibuniwa Marekani katika maabara ya Bell mwaka 1947, na redio za kwanza zilizoitumia zikaingia madukani mwaka 1954. Redio za valvu zilizotangulia zilihitaji betri nzito na za gharama, ilhali ya transista ilijiendesha kwa betri chache za kawaida kwa wiki kadhaa. Kituo cha Sauti ya Dar es Salaam kilikuwa hewani tangu mwaka 1951. Mwaka 1965 utangazaji ukawekwa chini ya serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam cha betri na redio za National, na Philips ikaunga redio zake Arusha. Kwa hiyo ile serikali iliyofunga mlango wa televisheni na kompyuta iliufungua kabisa mlango wa redio, tena ikataka itengenezwe nyumbani.

Redio hiyo haikuwa chombo cha burudani peke yake. Mwaka 1972 serikali iliendesha Operesheni Kigoma, iliyowahamisha watu wa mkoa kutoka mashamba yao yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji. Mwaka uliofuata ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: vikundi vya watu wazima nchi nzima vilikaa kuzunguka redio, vikasikiliza somo la malaria, kuhara au kichocho, vikasoma kijitabu na kujadili la kufanya. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Redio moja ilihudumia kikundi kizima, na hata nyumbani ilikuwa na wasikilizaji wengi kuliko wenye nyumba. Waliokulia vijijini enzi hizo hukumbuka mlio wa ngoma kabla ya taarifa ya habari, Mazungumzo Baada ya Habari, hadithi za Mama na Mwana, vituko vya Pwagu na Pwaguzi, salamu zenye majina yasiyokwisha, na ukimya uliotanda matangazo ya vifo yalipoanza kusomwa.

Buha ilikuwa na neema yake ya pekee hewani. Kiha, lugha ya Buha, na Kirundi husikilizana, hivyo msikilizaji wa Kasulu au Kibondo aliweza kuvuka kutoka RTD kwenda redio ya Bujumbura bila kuhitaji mkalimani. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda kuanza, BBC ilifungua kipindi cha Gahuzamiryango kwa Kinyarwanda na Kirundi, kilichokusudiwa kuwaunganisha ndugu waliopotezana. Mwaka 1995 shirika la Kijesuiti la kuwahudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera huko Ngara, kaskazini ya Kibondo. Wakimbizi wa Burundi waliingia nyanda hizi kwa mawimbi ya mwaka 1972, 1993 na 2015, na Wakongo wakapewa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, mwaka 1996. Redio ilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo mtu aliyehama usiku angeweza kubeba. Kwake haikuwa mapambo wala mchezo: ilimwambia kama njia ya kurudi ni salama.

Aliyezaliwa London mwaka 1970 na aliyezaliwa Heru Juu, Buha, mwaka huohuo wana hamu ya aina moja, ila imeshika vitu tofauti. Mmoja hutafuta kibodi yenye vitufe vya mpira. Mwingine husimama mbele ya National ya zamani dukani kwa fundi na kuuliza kama bado inashika masafa mafupi. Tofauti iko katika kinachobaki baada ya miaka arobaini, na hapo uchumi wa nyumba una neno zito.

Ulaya, kompyuta ya nyumbani ilitupwa ikiwa bado nzima. Mpya ilikuja, ya zamani ikarudishwa katika boksi lake na kupandishwa darini, ikalala huko miaka thelathini. Wakusanyaji wa leo wanaishi kwa hazina ya madari hayo. Kasulu, redio haikuachwa mpaka ife, na ikifa haikuzikwa nzima. Fundi aliikubali kama malipo au aliinunua kwa bei ya kutupa, akaitoa spika kwa ajili ya redio moja, transista kwa nyingine, kapasita ya kuchagulia stesheni kwa ya tatu. Meza yake ilikuwa ghala la vipuri katika mji ambao duka la vipuri lilikuwa safari ya siku nzima. Redio iliyo hai leo mara nyingi ina viungo vya redio tatu, kitufe kimoja cha asili na kingine cha kuchonga, na mfuniko wa betri uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Wakusanyaji wa nchi tajiri hupunguza bei ya kitu cha namna hiyo, kwa kuwa wanataka kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani. Kipimo hicho hakifai Buha. Redio iliyofunguliwa mara kumi ina historia ndefu kuliko iliyolala darini, na anayeikusanya angefanya vyema kuandika majina ya wenyewe na kazi ya kila fundi badala ya kutafuta mfuniko wa asili.

Utunzaji wa vitu hivi unafanana, iwe redio au kompyuta. Adui wa kwanza ni betri. Betri kavu iliyosahauliwa ndani hupasuka na kumwaga majimaji yanayokula shaba na chuma. Desturi ya kuanika betri juani ili zipate nguvu kidogo huongeza hatari hiyo, kwa kuwa kopo lake limekwisha kuwa jembamba. Baadhi ya kompyuta, kama Amiga 500 Plus, zilikuwa na betri ndogo ya saa iliyolehemewa kwenye bodi yenyewe, na imeziua nyingi kimyakimya. Betri hutolewa kabla ya kuhifadhi chombo, na kutu ya kijani iliyokwisha kujitokeza husafishwa kwa siki au maji ya limao yaliyopunguzwa, ikifuatiwa na spiriti.

Adui wa pili ni kapasita za umeme zenye majimaji ndani. Hukauka au kuvuja zikizeeka, na redio huanza kukoroma au kutoa sauti hafifu. Kompyuta huweza kuharibika vibaya zaidi: kipoza umeme cha Commodore 64, ambacho ndani yake kimejazwa gundi ngumu kisifunguliwe, kikizeeka hupitisha volti nyingi kupita kiasi na kuunguza chipu za kumbukumbu. Ndiyo maana mkusanyaji mzoefu haichomeki mashine aliyoinunua leo kabla ya kupima kipoza chake. Hali ya hewa nayo ina madhara yake: nyanda za Buha zina masika marefu, tangu Oktoba hadi Mei hivi, na radi zake si za mzaha. Antena ya waya iliyoning'inizwa kwenye mti huondolewa wingu linapotanda. Unyevu huotesha ukungu kwenye kanda za kaseti, mende hupenda joto la ndani ya redio, na mchwa hawana habari na thamani ya boksi la mbao.

Plastiki nyeupe ya kompyuta hugeuka njano kwa sababu ya mwanga na kemikali zilizowekwa ili isishike moto. Wakusanyaji huirudisha rangi kwa kuipaka haidrojeni peroksaidi na kuianika juani. Kazi hiyo hupendeza machoni, lakini njano huweza kurudi, na wapo wanaosema plastiki hubaki dhaifu. Kuiacha kama ilivyo ni uamuzi wenye busara zaidi.

Kuna pia suala la kitu cha kusikiliza au kutazama. Kompyuta ya nyumbani isiyo na programu ni kibodi bubu. Kaseti zimechakaa, hivyo wapenzi wa mashine hizo wamezinakili na kuziweka katika mafaili, na programu maalumu huiwezesha kompyuta ya leo, hata simu, kuigiza Spectrum nzima. Redio haina njia rahisi kama hiyo. Inaweza kutengenezwa ikawa nzima kabisa, lakini kipindi chake hakipo tena hewani. Kanda za RTD zimerithiwa na shirika la utangazaji la TBC, iliyochukua nafasi yake mwaka 2007, na hizo ndizo nusu ya pili ya redio yoyote iliyohifadhiwa Kibondo. Televisheni za chogo nazo zina kisa chake. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, na chogo zikahitaji king'amuzi. Kisha skrini bapa zikazifukuza sebuleni. Wakusanyaji wa Ulaya sasa huzitafuta hizohizo, kwa sababu kompyuta za miaka ya 1980 hutoa ishara ya analojia ambayo chogo huipokea bila kuchelewa, wakati skrini bapa nyingi huivuruga.

Kompyuta zenyewe zilifika nyanda hizi kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1990 mashirika ya kuhudumia wakimbizi yalifungua ofisi Kasulu na Kibondo, yakaja na jenereta, redio za mawasiliano na kompyuta. Kuanzia mwaka 2005 mradi uliofadhiliwa na Sweden ulipeleka kompyuta katika vyuo vya ualimu vya serikali. Kasulu ina viwili, Chuo cha Ualimu Kasulu na kile cha Kabanga. Madukani zikaingia za mtumba: boksi la rangi ya maziwa, skrini ya chogo, Windows 98 au XP. Steshenari zilizichapia barua za maombi ya kazi na kadi za harusi. Wengi waliogusa kompyuta kwa mara ya kwanza Kibondo waligusa hizo, ofisini au steshenari, wakilipa kwa ukurasa. Hazikuwa mali ya nyumbani, na labda ndiyo sababu hakuna anayezililia sana.

Kompyuta ya kwanza ambayo mtu wa kawaida wa Buha aliimiliki ilikuwa simu ya kitochi. Hapa historia ya Cambridge inarudi kwa njia isiyotarajiwa. Baada ya BBC Micro, wahandisi wa Acorn walibuni prosesa yao wenyewe, ARM, ambayo ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1985 na kuonekana kuwa na sifa moja ya ajabu: ilitumia umeme kidogo mno. Nokia iliichukua kwa simu zake katika miaka ya 1990, ikianza na modeli 6110 ya mwaka 1997. Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani na kibodi iliyofunikwa ili vumbi lisiingie, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani na kufaa mazingira ya Kasulu kana kwamba ilichorwa huko. Iliangaza njia usiku na kukaa na chaji siku kadhaa. Mwaka 2008 M-Pesa ilipoingia Tanzania, ikawa pia pochi. Mchezo wake wa nyoka ndio mchezo wa kompyuta wa kwanza kwa kizazi kilichozaliwa miaka ya 1980 na 1990.

Kizazi hicho kinaukaribia umri wa kukusanya. Kitakuta kitochi halisi kimeadimika kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa za bandia zilikuwa nyingi, na Juni 16, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia zisitumike mitandaoni. Anayetaka kitochi kinachopiga simu atahitaji pia mtandao wa kizazi cha pili uendelee kuwashwa, jambo ambalo nchi kadhaa zimekwisha kuliacha. Betri haitamsumbua. Ile ya Nokia iitwayo BL-5C bado inauzwa katika maduka ya vifaa vya simu, kwa sababu redio ndogo za Kichina zenye tochi na sehemu ya kuchomeka flashi, zilizochukua nafasi ya National sokoni, nyingi hutumia betri hiyohiyo.